Mehila ya Tatu

Ikikaribia Yom Kipur, ile siku ya kufunga na kutubu, Yerusalemu nzima hujaa wapole wa msimu. Watu waliotukanana mwaka mzima hugongeana milango kuombana mehila, maana kosa ulilomtendea mwenzako Mungu halifuti mpaka mwenyewe akusamehe. Ila ukiomba mara tatu ukanyimwa, umetoka. Dhambi humbakia aliyenyima. Mdogo wangu Elkana sheria hiyo anaijua vizuri, mnafiki yule.

Mama yetu, Mazal, alikuwa akikaa kwake, na asubuhi moja akamfia mikononi. Kwetu maiti hailali. Adhuhuri mama alikuwa kaburini, nami niko Haifa kwa binti yangu, nakoroga supu ya kube, sina habari. Elkana alinipigia simu jioni. Eti alipitiwa. Mtu anapitiwa na chumvi, si na dada yake.

Jirani yao aliniambia mama alisema jambo kabla ya kukata roho, na Elkana ndiye aliyeinamisha sikio. Basi nilichotaka ni akiri alichonifanyia, kisha anipe maneno ya mama. Sikutaka kingine.

Juzi alikuja, akaomba mehila mlangoni kama mtu anayewahi basi. Nikamuuliza mehila ya nini, akasema ya yote. Nikamfungia mlango. Jana akarudi na yaleyale, nikamfungia tena. Leo mchana, chakula cha kabla ya mfungo kiko mezani, kaja na wazee watatu wa sinagogi wawe mashahidi.

"Dada, naomba mehila."

"Umenikosea nini, Elkana? Kitaje mbele ya hawa."

Akatazama saa. "Yote. Unanisamehe au hunisamehe?"

"Sikusamehe ng'o."

Nilidhani ataona haya. Wapi! Uso ulimnawiri. Akawashukuru wazee wake, akanitakia niandikwe vyema katika kitabu cha uzima, akaanza kushuka ngazi. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuja kukichukua kwangu, na kwamba nimempa kwa mkono wangu mwenyewe. Hasira zikanishuka, hofu ikanipanda. Nikamkimbilia miguu mitupu, majirani wakichungulia.

"Nimekusamehe, Elkana. Yote. Niambie tu mama alisema nini."

Hakugeuka hata shingo.

"Umeshakataa mara tatu, dada," akasema. "Mimi na wewe tumemalizana."