Marehemu Ateuliwa

Wayua alikuwa akisugua sufuria kwa majivu kwenye bomba la pamoja la Makongeni, mtaa wa Thika, Jumatatu asubuhi, marehemu mumewe alipotokea kwa njia ya stesheni. Alivaa suti aliyozikwa nayo, ile ya kijivu, na udongo mwekundu wa Ruiru ulikuwa umekauka magotini. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimpisha, kwa kuwa alionekana ana haraka.

"Mama Kamene," alisema, "maji ya kunawa yako?"

"Yako ndani. Na upanguse miguu, nimetoka kupiga deki."

Urbanus Nzau alikufa msimu wa masika, marobota ya katani yalipomwangukia kwenye ghala moja huko Ruiru. Alizikwa hukohuko, kwani ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari na kibali cha kumsafirisha hadi Machakos hakikupatikana. Mwili, walielezwa jamaa zake, hauna kipande, kile cheti alichotakiwa kila Mwafrika kutembea nacho. Sasa alikuwa amerudi, lakini si kwa mapenzi yake. Aliitwa na serikali, na miaka hiyo aliyeitwa na serikali alikwenda.

Jambo lenyewe lilianzia mkutanoni. Serikali ilitaka Makongeni iwe na Baraza la Washauri ili Waafrika wapate sauti. Sauti hiyo ilikuwa imepimwa mapema: baraza lingeshauri juu ya mambo yaliyokwisha kuamuliwa, na mwakilishi wa wananchi angeteuliwa na Afisa wa Mtaa, ambaye ndiye pia angekuwa mwenyekiti. Afisa huyo alikuwa Mwingereza kijana, na watu walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hakuna alilolisema lisiloishia na neno hilo. Alifika na karani wake, Ndung'u, akaomba atajiwe mtu mmoja anayeheshimiwa na wote, asiye na kesi wala ugomvi.

Lilitajwa jina la Odhiambo, ikasemwa anapika pombe ya busaa. Likatajwa la Mbaluka, ikasemwa anampiga mkewe, na mkewe akathibitisha. Likatajwa la Kagwe, ikasemwa nduguye yuko kizuizini, na Kagwe mwenyewe akaomba jina lake liondolewe upesi. Jua lilikuwa kali. Hatimaye Syokau, jirani yake Wayua, alichoka kusimama.

"Mtu wa namna hiyo hapa alikuwa mmoja tu," alisema. "Marehemu Urbanus."

Mkutano mzima ulikubali. Enzi za uhai wake Urbanus alikuwa mbishi, na baadhi ya waliokuwa pale walikuwa wameacha kumsalimu kabisa. Lakini marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo walimsifu kwa pamoja, wakiwa wameinamisha vichwa.

Tangu aje wilayani Bwana Taratibu hakuwa ameona Waafrika wakikubaliana juu ya mtu. Kiswahili chake kilitoka katika kitabu kilichofundisha kuamuru, na neno "marehemu" halikuwamo. Kwa jinsi watu walivyolitamka, alielewa kwamba ni cheo, kama vile chifu.

"Yeye Marehemu tangu lini?" alimwuliza karani.

"Tangu masika, Bwana."

"Na hakuna anayempinga?"

"Hakuna, Bwana. Hawezi kupingwa sasa."

Ndung'u hakuongeza neno. Karani aliyemtangulia alikuwa amemsahihisha mzungu Kiswahili mbele ya watu, na siku hizi alikuwa akiuza makaa Ruiru.

Tangazo la uteuzi lilibandikwa, likiwa na onyo kwamba mteule asiyefika angeshtakiwa kwa sheria za Hali ya Hatari. Urbanus hakuwahi kushtakiwa maishani, na hakutaka kuanza sasa. Alipanda treni ya asubuhi. Askari wa Homugadi waliokuwa stesheni ya Thika walimdai kipande, akasema yeye ndiye Marehemu, wakampigia saluti.

Wayua alifurahi kuliko alivyoonyesha. Vyumba vya Makongeni vilikuwa vya wanaume wenye kazi, na alikuwa ameambiwa na msimamizi kwamba mjane hana kazi inayojulikana, hivyo aondoke mwisho wa mwezi arudi kwao. Kwao shule ilikomea darasa la nne. Kamene, binti yake, alikuwa darasa la tano, na mwalimu wake wa Thika alikuwa na nia ya kumfikisha la nane. Sasa mume alikuwa amerudi, tena na kazi. Walikwenda ofisini pamoja siku ileile, Wayua akitangulia.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Ndung'u alikalia moja kushughulikia nyumba, na nyingine kushughulikia baraza.

"Mama, upande wa nyumba bwana yako alikufa," alisema. "Nilimfuta mwenyewe."

"Si huyu amesimama hapa?"

"Namwona. Habari ya asubuhi, Mheshimiwa. Lakini amesimama upande wa baraza."

"Basi apewe chumba upande wa baraza."

Ndung'u alifikiri. "Hilo linaweza kuzungumzwa," alisema, na akahamia meza ya pili ili aliandike.

Lilizungumzwa kwenye kikao cha kwanza. Wayua na wajane wenzake walisikiliza dirishani. Bwana Taratibu alifungua kwa kusema kwamba familia ya Kiafrika ndiyo msingi wa nchi, na kwamba serikali inawajali akina mama kuliko wanavyojijali wenyewe. Kisha akaleta hoja kwamba wajane wote waondolewe mtaani. Alieleza kwamba mama yake pia ni mjane, anaishi Uingereza katika nyumba aliyopewa na serikali, kwa hiyo hali ya wajane anaielewa vizuri. Aliuliza kama kuna anayepinga.

Wajane walimtazama Urbanus. Huyu ndiye aliyewahi kupanda juu ya benchi akamtukana msimamizi kwa sababu ya bomba lililovuja. Alikuwa ameketi kimya, mikono imepishana kifuani jinsi alivyowekwa jenezani. Hoja ilipita bila kupingwa.

Hoja ya pili ilisema kwamba mwakilishi wa wananchi hana budi kuishi na wananchi. Kwa bahati njema kulikuwa na chumba kilichoachwa wazi na hoja ya kwanza. Marehemu Urbanus alipewa chumba cha Wayua.

"Na mimi si mke wake?" Wayua aliuliza kutoka dirishani.

Ndung'u alitafsiri. Bwana Taratibu alikuwa mtu wa dini, na swali hilo hakulichukulia kwa mzaha. Alitaka kujua walifunga ndoa wapi na waliapa nini.

"Kanisani," alisema Wayua. "Mpaka kifo kitakapotutenganisha."

"Basi kimewatenganisha," alisema Bwana Taratibu. "Taratibu."

Wayua alifunga mizigo jioni ya kuamkia siku ya kuondoka. Urbanus alimshikia kamba.

"Ungesema neno moja tu," Wayua alisema.

"Nilipokuwa hai nilisema mengi. Wewe ndiye ulikuwa ukiniambia ninyamaze."

"Nilikuambia unyamaze humu ndani. Sikukuambia unyamaze huko."

"Watu wananiheshimu, mama Kamene. Hata wale tuliogombana. Huoni wanavyonivulia kofia?"

"Wanakuvulia kwa sababu umekufa."

"Kofia ni kofia," alisema Urbanus, na akakaza fundo.

Kamene alimpa baba yake mkono wa kwaheri. Ule wa baba ulikuwa wa baridi. Alimwuliza kama ataongea na mwalimu, na baba yake akajibu kwamba mambo ya shule hayamo katika kazi za baraza.

Baraza lilifanya kazi vizuri. Halikuchelewesha hoja hata moja, na huko juu lilisifiwa kuwa mfano wa ushirikiano. Ruiru nayo ikaomba ipatiwe Marehemu wake, na Bwana Taratibu akaahidi kwamba watapatikana wa kutosha. Mjini Thika wanaume wenye maduka walianza kuulizana cheo hicho kinatafutwa kwa nani. Mmoja alikichora juu ya mlango wa duka lake bila kungoja, akapata faini.

Mwisho wa mwezi Wayua alisimama kando ya barabara na binti yake, godoro, na sufuria ndani ya kikapu. Lori la kwenda Machakos lilisimama. Dereva aliitazama mizigo, kisha akamtazama Wayua.

"Unahama peke yako, mama? Bwana yako ni nani?"

"Ni marehemu," alisema Wayua.

Dereva alivua kofia, akampa hongera, na akamwonyesha pa kupandia, kule nyuma, juu ya magunia.