Mabinti wa Jemadari

Mkono wa daktari wa mifugo ulikuwa umezama hadi begani ndani ya mtamba, glavu imemganda kwa jasho, na vidole vyake vinatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Hana kitu," alisema kwa sauti ya chini.

Mumewe, aliyesimama kwenye lango la kizimba, akageuka na kupaza sauti: "Ana mimba!"

Ndivyo walivyopanga kazi. Baba mkwe alikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Hakutaka mkwewe amtajie habari za mimba uso kwa uso, hata za ng'ombe. Basi alikaa kwenye kigoda nje ya uzio, kawapa mgongo, na mwanawe akawa mdomo wa mkewe. Mdomo huo sasa ulikuwa umeanza kujisemea.

"Unafanya nini?" daktari alinong'ona.

"Jemadari nilimchagua mimi. Nimemsifia kila mahali. Usiniumbue, mama."

Jemadari alikuwa fahali mwenye mabega ya kutisha, na watu walipomtazama hayo mabega waliyasahau mengine yote. Lakini kituo cha tathmini ya mafahali, kilichosubiri ripoti ya daktari, hakikupima mabega. Kilitaka kujua mabinti zake, ndio mitamba hawa wa kizimbani, wanashika mimba upesi kiasi gani, wote, walioshika na wasioshika. Matokeo yakipendeza, mbegu yake ingeenda kwenye mazizi ya watu, na huko mitamba wa uzao wake wangepandishwa na kupandishwa bila kushika, wafugaji wakilaumu malisho.

Na sahihi kwenye ripoti ingekuwa ya daktari. Lakini aseme, kisha aende wapi? Nyumba ni ya mume, ng'ombe ni wa mkwe, na jikoni yumo mama mkwe ambaye tangu zamani anasema mwanamke wa kushika makalio ya ng'ombe hana adabu. Alipima mtamba mwingine, naye hana kitu; mumewe akatangaza mimba vilevile. Daktari alijichukia kwa kunyamaza, na bado akanyamaza.

"Mwambie mkwe wangu ahsante," mzee alisema bila kugeuka. "Majirani walitaka nilete daktari wa nje. Nikawaambia, huyu akisema, nimesikia."

Maneno hayo yalimchoma. Mtamba aliyefuata alikuwa mwekundu, mpole, ametulia kabisa. Daktari alimpima mara mbili, akitamani kukosea.

"Baba," aliita. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Huyu hana mimba."

Mumewe akacheka. "Anakutania, mzee."

Mgongo wa mzee ulikakamaa. Kisha akainuka, akageuka taratibu, akamtazama mkwewe usoni, na mkono ule uliochafuka hadi begani.

"Na waliotangulia?"

"Warudishwe, baba. Nitawapima mbele yako, nikuambie mimi mwenyewe."

"Fungua lango," mzee alimwambia mwanawe.

Mumewe hakusogea. Alikuwa amelishika komeo kwa mikono miwili, akimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.