Subiri Kwanza Asajiliwe

Mtoto wa dada yake wifi yangu amekula mshahara miaka minane kwa kazi ya kuwapiga watu ngumi juu ya barafu. Simsingizii. Video zipo kwenye simu ya kila kijana wa mtaa wetu wa Gungu, hapa Kigoma, na wakinikuta njiani hawaniachi nipite. "Shangazi, mwone Ishimwe wetu!" Naangalia. Naona majitu yamejifunga magodoro mwilini, miguuni viatu vyenye visu, mikononi magongo, yanakimbizana na kipande cha mpira mweusi kisichozidi chapati ya mtoto, ndio mchezo wao wa magongo wa barafuni. Halafu mmoja wao anatupa glovu chini na kumkaba mwenzake shingoni. Huyo ndiye wetu. Refa anawasubiri wachoke, kisha anamwongoza kwenye kibanda cha kioo akakae dakika tano kama mtoto aliyekojoa darasani, na ukumbi mzima unasimama kumshangilia. Namrudishia kijana simu yake, nasema hongereni, naendelea na safari yangu ya Mwandiga kwenye pipa langu la mawese.

Mtaa mzima unaniita Shangazi kwa sababu yake. Na jina lake si Ishimwe. Ishimwe alikuwa mwanangu.

Tulivuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1996 kwa mitumbwi miwili. Mimi nilifika na homa, nikalazwa Kigoma mwezi mzima. Mwanangu alibaki na kaka yangu Ndikumana na mkewe Armelle, na foleni ya kuandikisha wakimbizi haikumsubiri mgonjwa. Kambini kila mtu alifanya hivyo: mtoto aliandikwa kwenye kadi ya yule aliyesimama naye kwenye foleni, ili apate mgao wa unga na maharage. Basi Ishimwe, mwenye miaka mitatu, akaandikwa mtoto wa Ndikumana. Siku ya kuzaliwa hawakumuuliza mtu, wakaandika tarehe mosi Januari kama walivyowaandikia wote. Nilipotoka hospitali nikaandikwa peke yangu, mwanamke asiye na mtoto. Tulisema tutarekebisha. Hatukurekebisha, na kwa karatasi nikawa shangazi wa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Mwaka 1999 jina la Ndikumana likabandikwa ubaoni: wanapelekwa kuishi Kanada, yeye, mkewe na mtoto. Mimi sikuwamo. Wakati huo nilikuwa nimetoroka kambi, naanika dagaa kijiji cha Mwamgongo. Kaka akaniletea mtoto nikae naye wiki tatu za kuagana. Siku ya kumi malaria ikampanda kichwani. Boti ya kwenda mjini ilikuwa imeshaondoka asubuhi, na nyingine hatukuipata. Katekista wa kijiji, Mzee Selestini, alinisaidia kumzika kwenye mteremko juu ya nyumba za wavuvi. Alikuwa na miaka sita na miezi minne.

Ndikumana alifika siku ya tatu. Hakukaa hata chini. Aliuliza kambini nani anajua. Nikamwambia hakuna. "Basi asijue mtu," akasema. Armelle alikuwa na mtoto wa dada yake, Bonfils, yatima aliyeingia karibuni na hayumo kwenye kadi yoyote. Alikuwa anakaribia miaka tisa, lakini njaa ilikuwa imemdumaza, ungemdhania wa sita. Picha ya kwenye faili ilikuwa ya mtoto wa miaka mitatu mwenye kamasi, nani angebisha Bonfils akienda kwa jina la Ishimwe? "Ila msalaba usiwe na jina," kaka akasema. "Mtu akilisoma tu, tumekwisha wote. Subiri tufike, nitakutumia karatasi uje."

Nilikubali. Nawadharau wengi katika habari hii na mimi nimo. Nilimwachia kaka yangu jina la mwanangu kabla hata udongo wa kaburi haujakauka.

Huko Kanada watoto hupangwa kucheza kwa umri. Karatasi ilisema miaka sita, wakamweka na wa miaka sita. Akala mayai, akanywa maziwa, akanyooka. Mwaka wa tatu alikuwa anawapita wenzake kichwa kizima, na Ndikumana akinipigia simu, majivuno yanamkaba. "Mtoto ana kipaji, dada! Anawasukuma wote!" Kipaji! Mtoto wa miaka kumi na miwili anamsukuma wa tisa na nusu, mnaita kipaji. Gazeti la huko likaandika kwamba ana nguvu zisizo za kawaida kwa umri wake. Hapo hawakukosea, ila umri ulikuwa wa mwanangu.

Nikauliza: na karatasi zangu? Subiri tupate uraia. Na jina kwenye msalaba? Hilo nalo subiri. Uraia wakapata. Basi subiri, dada, amechukuliwa na timu ya vijana, anakaa kwa familia ya wazungu mji mwingine, si wakati wa kumvuruga mawazo. Kisha ikaja siku ambayo timu kubwa huchagua vijana wao. Ndikumana alivaa suti. Walikaa siku mbili ukumbini, yakasomwa majina zaidi ya mia mbili, na lile la mwanangu likasomwa watu wakiwa wameshaanza kutafuta makoti yao. Kaka alinipigia analia. "Subiri kwanza asajiliwe," akasema.

Akasajiliwa. Kumbe wenzake nao walikuwa wamekua. Sasa kila mtu barafuni alikuwa na kifua kama chake, na wengine walijua pia kuucheza huo mpira. Yeye alichojua ni kusukuma. Timu kubwa ilimtumia mechi tisa, ikamshusha ligi ya chini, huko wanakosafiri saa kumi kwa basi kwenda kucheza mbele ya viti vitupu. Akapewa kazi iliyobaki: mchezaji hodari wa timu akiguswa, yeye aende akapigane. Alimaliza msimu mzima bila kufunga bao hata moja na hakuna aliyemuuliza. Walimvunja pua mara tatu na bega mara mbili. Kisha Denmark, kisha Slovakia, kisha timu ambayo Ndikumana mwenyewe alishindwa kulitamka jina lake. Kila mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na kila mkataba ulikuja na subiri yake. Mimi nilihamia Gungu, nikapata kibanda changu, na kila mwaka nilipanda boti Kibirizi kwenda kupalilia kaburi lisilo na jina. Msalaba wa mti ulioza mara mbili. Wa tatu niliuweka wa chuma.

Mwaka 2019 magoti yake yakagoma, akastaafu. Nikasema haya, sasa. Simu ya Ndikumana ikaita. Kijana anakuja Kigoma na mzungu wa kamera, wanatengeneza filamu ya maisha yake, mtoto wa kambi aliyeshinda barafu, na ikitoka kuna timu itampa ukocha. "Subiri apate ukocha, dada."

Nilimkatia simu. Siku hiyohiyo nikanunua kopo dogo la rangi nyeusi na brashi.

Gungu walimpokea kama waziri. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Feliksi, ambaye mwaka uliotangulia alinitishia kunifukuza kwa kuwa Mrundi, alipanda juu ya kiti cha plastiki akatangaza kwamba huyu ni damu ya Kigoma. Watoto walipewa magongo ya mpera wakaparurana miguu vumbini kwa ajili ya kamera. Damu ya Kigoma yenyewe ilisimama pembeni: jitu la kilo mia, pua imelala upande, jino la mbele la bandia, tabasamu lisilojua la kufanya.

"Shikamoo, Shangazi," akaniambia.

"Marahaba." Jina sikumwita. Miaka ishirini kwenye simu nilimwita wewe, kwa kuwa la mwanangu sikutaka kumpa na lake nilikatazwa.

"Baba anasalimia sana. Kesho tunaenda Mwamgongo. Mzungu anataka mimi kwa ziwa. Wewe unakuja?"

"Nakuja. Lakini nimechoka kusubiri, ujue."

"Kusubiri nini?"

Nilimtazama usoni. Nikaona macho makavu kabisa, ya mtu asiye na habari, nikajisemea: hata uongo amefundishwa akaiva. Nikageuka nikaenda zangu.

Kesho yake tukapanda boti Kibirizi: yeye, mzungu na kamera yake, Verediana, binti wa Gungu aliyekodiwa kutafsiri, na Feliksi, ambaye hakualikwa. Mwamgongo yote ilishuka ufukweni. Wanawake waliacha dagaa wao juani. Wote walimjua kwa sura na kwa jina, maana simu zinafika kila mahali, wakawa wanaita Ishimwe, Ishimwe, kila mtu na mkono wake. Mzungu akamsimamisha kwenye maji, akamwambia atazame mbali, ainue kidevu. Akainua. Waliirudia picha hiyo mara nne. Nikawaacha na kidevu chao, nikapanda mteremko.

Nilifuta msalaba kwa upindo wa kanga, nikafungua kopo. Sijui kuandika vizuri. Nilianza na I, nikaifanya kubwa mno, ikabidi herufi zinazofuata nizibane. Nilikuwa nimefika kwenye M niliposikia Eufrasia, muuza dagaa mwenye sauti kuliko wanawake wote wa kijiji, anapiga yowe nyuma yangu.

"Jamani! Mwanamke anamwandikia mtu aliye hai msalaba!"

Walikuja mbio. Sikulifikiria hilo. Miaka ishirini nimeogopa maofisa wa Kanada, sikuwaza kwamba hapa Mwamgongo jina hilo sasa lina mwenyewe, anapumua, anapigwa picha pale chini majini. Selestini alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Nani mwingine alikumbuka mtoto wa Mrundi aliyekufa kwa malaria?

"Mama huyu ni mchawi," Eufrasia alisema. "Anaua mtoto wa kaka yake mchana kweupe."

"Ni mwanangu aliye humu," nikasema.

"Shangazi, wewe huna mtoto," Feliksi akasema, na alisema kwa upole, kama unavyosema na kichaa. "Tunakufahamu sote. Futa hiyo rangi kabla haijakauka." Akachota mchanga, akaanza kusugua ile I yangu. Mwanamke mmoja alinikamata mkono wenye brashi. Nililia, sioni aibu kusema. Nililia kwa hasira.

Yeye alikuja wa mwisho, anapanda kwa taabu na yale magoti yake. Watu wakampisha. Akasoma msalaba.

"Nani yuko hapa?" akaniuliza.

"Usijifanye hujui."

"Shangazi, nani yuko hapa?"

"Ishimwe. Mwanangu. Miaka sita. Wewe ulimvaa akiwa bado wa moto."

Akausoma msalaba tena. Kisha akaongea polepole, kwa Kirundi cha kitoto, kile alichoondoka nacho. Alisema Baba alimwambia karani alikosea jina kambini. Jina la karatasi tu, Baba alisema, halina mtu.

Nilimwamini. Sikutaka kumwamini, ila uso ule uliopigwa na mataifa yote haukuwa na mahali pa kuficha kitu. Dharau yangu yote ikageukia Kanada, kwa kaka yangu na suti yake.

Feliksi bado alikuwa anasugua. Basi lile jitu likafanya kitu pekee lilichofundishwa maisha yake yote: likamkamata mwenyekiti kwenye ukosi, likamwinua, likamweka kando, juu ya nyasi. Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Aliwageukia watu, akasema kwa Kirundi, na Waha wote wa pale, ambao lugha yao ni ndugu na Kirundi, walimwelewa:

"Aho harimwo Ishimwe, umwana wiwe. Jewe nitwa Bonfils."

Humu yumo Ishimwe, mwanawe. Mimi naitwa Bonfils. Aliyenishika mkono akauachia.

Mzungu hakuelewa, lakini kamera ilikuwa inawaka. Akamuuliza Verediana amesema nini. Verediana akanitazama mimi. "Nimwambie?"

Bonfils naye alinitazama. Nilijua ninachoweza kukifanya. Neno moja la Kiingereza, na ukocha umekwenda, pengine na uraia, wake na wa Ndikumana. Miaka ishirini nililitamani neno hilo. Ningependa kusema nilimhurumia. Nilichofikiria ni kwamba mimi na Ndikumana tulishaamua juu ya jina la mtoto huyu bila kumuuliza, na alikuwa hajatimiza hata miaka tisa.

"Usiniulize mimi," nikamwambia Verediana. "Muulize mwenye jina."

Akamuuliza. Bonfils alifuta mdomo kwa kiganja. Akaangalia chini ziwani, walikomsimamisha na kidevu juu, kisha akaigeukia kamera na kuyasema yote tena kwa Kiingereza, neno baada ya neno, na lile jina lake akalisema mara mbili kwa sababu mzungu hakulisikia vizuri. Mzungu akashusha kamera begani.

Mimi nilikuwa na herufi mbili zimebaki, na ile I ya kuandika upya, na kopo lilikuwa limeinama kwenye mteremko.

"Bonfils," nikamwita, "acha kusimama tu. Nishikie hili kopo, rangi inamwagika."