Mtu wa Saba wa Blackrig

Vita vilikuwa vimekwisha, huo ukiwa mwaka wa tatu wa amani, na sisi watu wa milimani tulishaacha kuinua vichwa tukisikia mngurumo angani. Kwa hiyo Jumanne ile ya Januari, ndege ya kivita ilipopita juu ya paa letu ndani ya ukungu, chini mno hata vikombe vikagongana kabatini, Baba alisema tu, "Huyo kapotea," akaendelea na chai yake. Hakuimaliza. Kishindo kilitoka upande wa Blackrig, kilima tunachochungia kondoo. Halafu kimya.

Tulipanda wawili, mimi na Baba, pamoja na mbwa. Theluji ilifika magotini, na kwa kuwa macho hayakuona hatua kumi mbele, tuliifuata harufu ya mafuta. Ndege ilikuwa imetawanyika juu ya miamba. Ilikuwa kwenye mazoezi, haikubeba hata bomu moja. Hilo tuliambiwa baadaye. Walikuwa watu saba. Sita walikuwa wamekufa. Wa saba, mpiga bunduki wa mkiani, alikuwa ametupwa vichakani pamoja na kiti chake, uso mzima kama wa mtu aliyesinzia, miguu imevunjikavunjika.

Tulimlaza juu ya kipande cha bati tukamburuta hadi kibanda cha mawe cha wachungaji. Baba akashuka kutafuta watu na machela.

"Mzungumzishe, Isobel," akaniambia. "Usimwache alale."

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na sikuwa mtu wa maneno mengi. Nilikuwa bado nawaza nianzie wapi alipofumbua macho, akanitazama.

"Edie, umeacha dirisha wazi tena."

"Nimelifunga," nikasema. Sikujua niseme nini kingine.

"Mwongo wewe. Baridi yote hii inaingilia wapi?"

Nikavua koti langu nikamfunika, nikajilaza ubavuni mwake ili apate joto. Akacheka kidogo. "Miguu kama barafu, mwanamke wewe. Tangu siku ya kwanza."

Tulikaa hivyo saa tatu. Alitaka jiko tulipake rangi ya manjano. Nikamwambia manjano inaonyesha uchafu. "Basi utapangusa," akasema. Nikamwambia apanguse mwenyewe. "Haya, nitapangusa, ilimradi mama yako asije kuchagua yeye." Sikuwahi kuzungumza hivyo na mwanamume yeyote, kama watu waliokwisha kugombana na kupatana mara mia. Kuna wakati nilisahau kwamba mimi si Edie.

Kisha sauti yake ikashuka. "Edie, umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

"Kweli?"

"Kweli. Zamani."

Akauchukua mkono wangu akauweka shavuni pake, hakusema tena. Wanaume walifika na machela kabla jua halijazama. Alikata roho njiani, kabla hawajavuka kijito.

Mwezi wa Mei mkewe, Edie mwenyewe, alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa viatu vya mjini. Mama akamwazima buti zake. "Nataka nipaone," alisema, na tukapanda. Wanajeshi walikuwa wamechukua walichoweza kubeba, lakini vipande vya bati bado vilimetameta kwenye nyasi. Aliviangalia kidogo tu. Ndani ya kibanda ndimo alimokaa.

"Waliniandikia kwamba hakuteseka," akasema. "Wajane wote tumeandikiwa hivyohivyo. Wewe ulikuwepo, dada. Niambie."

Nikamwambia. Dirisha, miguu, rangi ya jiko. Alicheka huku machozi yakimtiririka. "Manjano! Bado tu na manjano yake!" Laiti ningeishia hapo. Lakini alikuwa ameniomba yote, nikampa yote, hata lile swali la msamaha.

Kicheko kikakatika. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia amesamehewa."

"Nani alikutuma?"

Akanikazia macho.

"Unajua alinifanyia nini?"

"Sijui."

"Hujui, na ukasamehe!" Alisimama, kibanda kikawa kidogo. "Wiki tatu sikujibu barua zake. Nilitaka aje aniombe uso kwa uso. Nimwache ahangaike kwanza, mpaka nitosheke, halafu..."

"Halafu ungemsamehe."

"Sijui! Sitajua tena. Lilikuwa langu kulisema au kutolisema, na wewe umelisema."

Tulishuka yeye akiwa mbele. Alimrudishia Mama buti, akamshukuru kwa mkate, na mimi hakunitazama. Nilimsindikiza hadi barabarani hata hivyo, tukasimama tukingoja basi, mvua nyembamba ikitunyeshea. Basi lilipotokea kwenye kona akageuka ghafla.

"Alikuamini?"

"Aliniamini."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito wake. Akapanda. Hakurudi tena, wala hakuandika, na sikumtarajia.

Mimi niliolewa mwaka uliofuata na Adam Rutherford wa shamba la ng'ambo ya kijito. Ni mtu mwema. Miaka hii yote hajawahi kunipandishia sauti, na chochote ninachotaka husema sawa. Majirani huniambia nimebahatika, na ni kweli. Lakini kuna mchana fulani wa ukungu, tukiwa tumekaa mezani, yeye akinywa supu yake kimya, moyo wangu unapanda Blackrig bila mimi, na natamani, Mungu anisamehe, mtu aniite mwongo.