Wali wa Uvunguni

Bibi Wagiyem alifungua mfuko wa kwanza, akarudisha kichwa nyuma. Wali umeota kuvu, kijani tupu. Akafungua wa pili, vilevile. Uvunguni mwa kitanda cha Sulastri, mke wa mwanawe, mifuko ilikuwa imepangwa vizuri, na yote imeharibika.

"Mtoto huyu, jamani," alisema peke yake.

Huku mteremkoni mwa mlima Merbabu, anayetupa wali humliza Dewi Sri, mungu wa kike mwenye mpunga, na bibi alikuwa wa kizazi kilichokula mihogo mikavu ili mchele ukauzwe. Tangu aolewe hajatupa punje. Na wakulima wenzake Sulastri wa kikundi cha pilipili wangekuja baada ya siku mbili. Wakikuta wali unaoza ndani, yeye na Sulastri wataficha wapi nyuso zao?

Sulastri alikuwa kwa dada yake aliyejifungua. Basi bibi akafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Aliuosha wali ule mpaka ukijani ukaisha, akautia chumvi na kitunguu saumu, akaupika tena kwa mvuke, akaukanda, akaukata vipande, akauanika ungoni. Jua la siku mbili lilimkubali, na moyo wake ukatulia.

Wageni walipofika, Sulastri naye ndiyo kwanza anarudi, bibi alikuwa ameshakaanga. Karak yake, vile vipande vya wali vya kukaanga, ilisifiwa kijiji kizima. Mzee Tarno, kiongozi wa kikundi, hakungoja kukaribishwa mara mbili.

"Bibi, hii karak utaniua nayo. Ya mke wangu inavunja meno."

"Meno yapi, Mzee? Hayo mawili?"

Watu wakacheka. Mzee Tarno akamgeukia Sulastri. "Haya, mama kuvu, tuletee mzigo wetu. Miche inatungoja. Mnyauko ulinifagilia shamba lote msimu uliopita. Safari hii nikipanda bila ile kuvu, najitafutia njaa."

Sulastri akaingia chumbani.

"Kuvu gani?" bibi aliuliza.

"Kwani hajakwambia? Anaiotesha kwenye wali, ya kijani. Tunaitia shimoni na mche, inakaa mizizini, inaula ugonjwa kabla ugonjwa haujaila pilipili. Mbegu yake yote tulimkabidhi yeye."

Uso wa bibi ukamwaka moto. Sulastri akatoka mikono mitupu. Alitazama ungo wa kuanikia, akatazama sahani, akamtazama mama mkwe wake. Akaelewa.

"Nisameheni," alisema. "Niliifunga vibaya. Imekufa yote."

"Yote?" Mzee Tarno aliuliza. "Sulastri, sisi tulikuamini wewe."

Binti wa watu akainamisha kichwa. Bibi angeweza kumwacha abebe lawama hiyo, na aibu ya wazo hilo ilimchoma kuliko ile ya kwanza.

"Hakuharibu yeye," alisema mwishowe. "Nimeiosha mimi. Ndiyo hiyo mnayokula."

Mzee Tarno alikuwa na kipande mdomoni. Hakutema, hakumeza. Wageni waliondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti za msibani.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" bibi aliuliza walipobaki wawili.

"Niliogopa, Mama. Ningekwambiaje kwamba napika wali ili uoze?"

Bibi akakusanya sahani. Akauliza kama ipo njia nyingine. Sulastri akasema ipo, ila haina uhakika: wali ukiachwa kwenye mizizi ya mianzi, kuvu ya pale huja yenyewe. Huenda ikaja nzuri, huenda ikaja mbaya. "Lakini uwe wali wa maana, Mama. Siyo makombo."

Bibi akapika mchele wake wa akiba, ule mpya. Nyumba nzima ikanukia. Wakaupeleka mianzini ungali na mvuke, bibi akapiga magoti na kuuweka chini, konzi kwa konzi, juu ya majani yaliyooza. Konzi ya mwisho mkono ulikataa kuiachia. Sulastri alisimama nyuma yake, hakumharakisha.

Vidole vikafunguka. Punje chache zilikuwa zimemnata kiganjani. Alizitazama, kisha akazikung'uta nazo.