Vitenzi vya Eulalia

Miaka minne Eulalia alikuwa mwalimu wa Kitiwi, lugha ya wenyeji, katika shule ya kijiji, huku Kisiwa cha Melville, kaskazini mwa Australia, na miaka minne alikuwa akiwadanganya watoto wa watu.

Kazi aliipata kwa mdomo. Alijigamba kuwa bibi yake alimwachia vitenzi vyote vya zamani, vile virefu, ambavyo neno moja tu linakwambia nani kala, kala asubuhi au jioni, na kama kalia hapa au huko mbali. Kumbe alichokuwa nacho ni vile vifupi vya vijana, kama wenzake wote wa rika lake. Palipopelea, alitunga. Anachukua kipande hiki, anakibandika kwenye kile, anasikiliza kama mlio wake una uzee, anaandika ubaoni.

Kumuuliza mama yake alipokuwa hai, au mzee yeyote, kungekuwa kukiri uongo. Aliyevijua na ambaye angemtunzia siri ni kaka yake, Marius. Lakini kwa mila yao dada mtu mzima hasemi na kaka yake, wala hamtazami usoni. Angelazimika kumtuma wifi yake, Fidelma. Na Fidelma ukimpa jambo asubuhi, chai haijachemka limeshafika kwenye blanketi wanalokalia wacheza karata. Basi akaendelea kutunga.

Siku hiyo wazee walialikwa darasani. Marius alikaa nyuma kabisa, Fidelma ubavuni pake, amegeukia dirisha, akimpa dada yake mgongo kama inavyotakiwa. Watoto wakasimama, wakaimba kwa pamoja: kala asubuhi, kala jioni, kala mbali.

Wazee walianza na tabasamu. Likafifia, uso mmoja baada ya mwingine.

"Eulalia mwanangu," bibi Yakinta akasema, "hawa wanasema lugha gani? Mbona mimi nimezeekea hapahapa na sijawahi kula namna hiyo?"

Watu wakacheka. Eulalia akahisi masikio yanawaka moto.

Marius akakohoa. "Fidelma," akamwambia mkewe, kwa sauti ya kufika mbele, "waambie hivyo ndivyo alivyokuwa akisema marehemu mama yetu."

Kicheko kikakatika. Mama hakuwa na hata mwaka ardhini. Jina lake bado halitajwi, na maneno yake nani angeyabishia? Yakinta akainamisha kichwa, akaomba radhi.

Eulalia angeweza kunyamaza, mambo yakaisha hapo. Lakini mama hakuwahi kusema vile. Kijiji kizima hakuna aliyekuwa na ulimi safi kama wake. Sasa uchafu wa binti umepakwa mdomoni mwake, na aliyeupaka ni kaka asiye na mazoea ya uongo, kwa ajili ya dada yake. Afadhali kuchekwa.

Akaufuta ubao kwa kiganja, watoto wakimkodolea macho.

"Si ya mama," akasema. "Nilitunga mwenyewe. Yote." Akageukia ukuta. "Wifi, muulize mumeo: kala jioni, tena mbali, wanasemaje?"

"Miaka minne nakaa mlango wa pili kutoka kwako," Fidelma akasema, "wifi."

"Najua. Muulize."

Akauliza. Marius akalitaja neno polepole, akiliambia dirisha. Kila mtu alilisikia, Eulalia naye alilisikia, lakini alisubiri, chaki mkononi, mpaka Fidelma alipomletea. Akaandika. Herufi zikapanda mlima.

"Muulize na la asubuhi," akasema, bila kugeuka.