Wembe Sebuleni

Walimtoa tata, baba yangu, chumbani kwa shuka, mama upande wa kichwa na mzee Mose upande wa miguu, nami nimesimama sebuleni mikono mitupu kama mgeni katika nyumba yake. Kila hatua aliguna. Ini lilikuwa limemmaliza mpaka shuka ikaonekana nzito kuliko yeye. Kwetu Nyacheki mwana aliyekwisha kutahiriwa haingii chumba anacholala baba yake, wala hamshiki mwili. Ndiyo chinsoni, kuoneana haya kwa mzazi na mwana, na tata hakuwahi kuivunja hata siku moja.

Tangu alale kitandani, Mose, rika lake, ndiye aliyekuwa akimnyoa. Mose hakuwa na ubaya. Alikuwa na wembe mkavu tu, na imani kwamba ndevu zikikatwa mpaka ndani huchelewa kurudi. Alivuta ngozi, akakata kinyume cha zilivyolala, na ncha zikaota kwa ndani. Shingo ya tata ikajaa vipele, vipele vikatunga usaha. Ngozi hiyo nimeirithi. Iliniadhibu miaka mingi mjini Kisii kabla sijajifunza kunyoa. Basi nilikuwa nikikaa nje ya pazia la mlango, nikielekeza.

"Mzee Mose, anza na kitambaa cha maji moto. Halafu fuata ndevu zinakoelekea."

"Huyu nilimnyoa kabla hujazaliwa," Mose alikuwa akinijibu.

Kisha nilimsikia tata akivuta pumzi kwa meno. Nilimchukia Mose, nikaichukia na mila yenyewe, lakini sikuthubutu kufungua lile pazia.

Asubuhi ile tata aliita kutoka ndani. "Nitoeni, mniketishe hapo sebuleni. Mwanangu Nehemiah aninyoe kama mtu anavyonyolewa kwa kinyozi."

Mama alimkumbusha kuwa daktari alikataza asisogezwe.

"Nimechoka kuwaka moto shingoni," alisema tata, na mama akakubali shingo upande.

Wakamketisha kwenye kiti cha mbao. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ndiyo kwanza nilikuwa naugusa uso wa baba yangu. Nikamwekea kitambaa cha moto mpaka ndevu zikalainika, nikapaka povu la sabuni, nikapitisha wembe mpya polepole bila kuvuta ngozi, nikiusuuza kila mara kwenye beseni. Sikukata mpaka chini. Niliacha kivuli cha ndevu ili zisipate njia ya kurudi ndani.

"Haiumi," alisema, kama mtu asiyeamini. Baadaye akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilisema, tata. Kila siku."

"Ulikuwa unamwambia Mose."

Shavu la kulia likaisha. Nilipokigeuza kichwa chake nianze la kushoto, kilikuja na uzito wake wote mkononi mwangu, na hakikutaka kurudi. Mose ndiye aliyeelewa kwanza. Akavua kofia.

Mama alimtazama mumewe, povu likimkauka shavu la kushoto.

"Maliza," akaniambia. "Hatazikwa hivyo."

Nikachovya kidole kwenye beseni. Maji yalikuwa yamepoa.

"Tumia hayo hayo," Mose alisema kwa upole. "Hayamuumizi tena."

Nikachukua beseni, nikaenda jikoni kuyapasha moto.